Switchfoot na lile tumaini lenye mikwaruzo

Bendi za roki za Kikristo zina lawama moja inayojirudia kila zinapotajwa, kwamba mziki wao ni wa kuiga na ujumbe wao ni ule ule, jipe moyo, Mungu yupo, kesho itakuwa poa, mwisho wa habari. Na kusema ukweli lawama hiyo ina haki yake, maana kuna bendi kibao ukishasikiliza albamu mbili zao huna haja ya ya tatu. Ila Switchfoot mi naona wana kesi yao tofauti, na siyo kwa sababu ambayo mashabiki wao wengi huwa wanaitoa.

Mashabiki watakwambia hawa jamaa wa San diego wamedumu tangu 1996 kwa sababu wanajua kubadilika. Sawa, wamebadilika sana, nani anabisha. Lakini kubadilika peke yake siyo sifa, hata bendi mbovu hubadilika. Ninachokiona mimi baada ya kuwasikiliza miaka mingi ni kwamba tumaini lao linaaminika pale tu mziki wenyewe unapokuwa na ugomvi ndani yake. Wakiweka ugomvi, ujumbe unasimama. Wakiuondoa ili wimbo uwe mtamu redioni, maneno yale yale yaliyokuwa yanakutikisa yanakuwa ya kupita tu, unayasikia na unaendelea kuosha vyombo.

Tuanzie nyuma kidogo. Mwanzoni walikuwa watatu tu: Jon Foreman anayeimba na kupiga gitaa, mdogo wake Tim kwenye besi, na Chad Butler kwenye dramu. Wote watu wa ufukweni, wa kuteleza juu ya mawimbi, na jina lao la kwanza lilikuwa Chin Up. Aliyewachukua ni Charlie Peacock, mwanamziki na prodyuza aliyekuwa na lebo ndogo ya re:think, alafu lebo hiyo ikaishia mikononi mwa Sparrow ambayo soko lake lilikuwa ni maduka ya vitabu vya Kikristo. Hapo ndo bendi ikajikuta kwenye rafu ya gospo, yaani ni biashara ndo ilipanga hivyo zaidi kuliko wao kukaa chini na kuamua. Tim alishasema kwamba wao ni Wakristo kwa imani na siyo kwa aina ya mziki, na ukijua walivyofika kwenye hilo rafu unaelewa kwa nini alilazimika kusema.

Albamu ya kwanza, The Legend of Chin ya 1997, ni ya vijana watatu wanaopiga kwa nguvu kile wanachokijua, panki kidogo, granji kidogo, sauti ya Jon bado ya kijana wa shule. Siyo mbaya ila haina haraka ya kurudiwa. Ya pili, New Way to Be Human ya 1999, ndo inaanza kuonyesha kichwa chao kilikuwa wapi, kwa sababu mle ndani kuna wimbo unaozungumza na Maungamo, kitabu cha Augustino wa Hippo, mwanateolojia wa kale (Mwafrika mwenzetu yule, Hippo ipo Algeria ya leo) na mwingine umepewa jina la Søren Kierkegaard, mwanafalsafa wa Denmark. Wewe fikiria, vijana wa ishirini na kitu, wana gitaa la makelele, wanagombana na Augustino! Na humo humo kuna Only Hope, wimbo wa taratibu ambao Mandy Moore aliuimba kwenye filamu ya A Walk to Remember mwaka 2002, na watu wengi tu waliwajua Switchfoot kupitia filamu hiyo bila hata kujua kwamba wanawajua.

Mwaka 2000 ikaja Learning to Breathe na akaingia Jerome Fontamillas, mtu wa kinanda na gitaa aliyetokea Mortal, bendi ya Kikristo ya mziki wa mashine na kelele za viwandani. Kuingia kwake mi nadhani hakujadiliwi vya kutosha. Kabla yake bendi ilikuwa na vyombo vitatu na uwazi mwingi katikati, baada yake ule uwazi unaanza kujazwa na milio ambayo huwezi kusema moja kwa moja imetoka chombo gani, na ndo mlango uliowafungulia kila kitu kilichofuata.

Kilichofuata ni The Beautiful Letdown ya 2003. Hadithi yake wenyewe wameisimulia mara nyingi: mkubwa mmoja wa Columbia, lebo kubwa iliyo chini ya Sony, aliisikiliza akasema hakuna wimbo wa kutamba humu, albamu ikasukumwa kwenye tawi dogo la Red Ink. Ikaja kuuza zaidi ya nakala milioni 2, na nyimbo mbili kutoka mle, Meant to Live na Dare You to Move, zikaingia ishirini bora za chati kubwa ya Marekani. Yule mkubwa sijui aliendelea na kazi gani.

Meant to Live ndo wimbo unaofaa kuchambuliwa polepole, maana hoja yangu yote imelala humo. Unafunguliwa na gitaa zito la nyuzi za chini, lile gitaa la mtu mwenye hasira, alafu beti inapoanza gitaa linashuka na unakutana na mtu aliyechoka, anajiuliza dunia imempitaje hivi hivi. Jon alikuwa amesoma shairi la T. S. Eliot kuhusu watu watupu, watu waliojazwa majani ndani, na huyo jamaa wa kwenye beti ni ndugu yao kabisa. Korasi inakuja na kusema tuliumbwa kwa ajili ya kitu kikubwa kuliko hiki. Kitu gani? Hasemi. Wimbo mzima hausemi! Kwetu huku mtu akiambiwa wimbo ni wa gospo anategemea jina la Yesu lisikike kabla ya korasi ya kwanza kuisha, na lisiposikika ataanza kuuliza hawa watu wameokoka kweli au wanatafuta hela. Lakini kutokusema ndo nguvu ya wimbo wenyewe, kwa sababu mwimbaji hajifanyi amefika. Anahisi kuna pengo, analia juu ya pengo, na gitaa linalia naye, na wewe unayesikiliza unaamini kwamba huyu mtu kweli anatafuta. Angekupa jibu kwenye ile korasi, gitaa lile lingekuwa la nini sasa?

Na This Is Your Life nayo ni hivyo hivyo, karibu wimbo wote ni swali, haya ndiyo maisha yako, je wewe ndo yule uliyetaka kuwa? Dare You to Move ilikuwa imeshatoka kwenye albamu ya 2000 wakairekodi upya, na ukizisikiliza zote mbili utaona kilichoongezeka ni uzito, dramu zinakuja kama zina deni la kudai, na ule mwito wa kuinuka pale sakafuni haubaki ushauri wa rafiki, unakuwa changamoto kabisa, inuka kama unaweza.

Wasomaji wa Zaburi watanielewa haraka hapa. Zile zaburi za "hata lini" ambazo mtu anamlalamikia Mungu kwa mistari kumi ndo anamalizia na mstari mmoja wa kumsifu, hazichukizi mtu na wala hakuna anayesema Daudi alipoteza imani. Mziki mwingi wa Kikristo unaochezwa redioni umechukua ule mstari mmoja wa mwisho na kuacha ile kumi. Switchfoot wakiwa kwenye ubora wao wanaimba yote kumi na moja.

Nothing Is Sound ya 2005 iliingia moja kwa moja namba 3 kwenye chati ya albamu za Marekani na ni nyeusi kuliko iliyotangulia, inanukia kitabu cha Mhubiri toka mwanzo mpaka mwisho. Mwanzoni mwa mwaka huo bendi ilienda Afrika Kusini, ikafika Kuyasa, kitongoji cha nje ya Cape Town, ikarekodi watoto wa pale wakiimba na sauti hizo zikatolewa kama albamu ya Kuyasa Kids. Safari hiyo imebaki kwenye The Shadow Proves the Sunshine, wimbo ambao hoja yake ni kwamba kivuli chenyewe ni ushahidi kwamba jua lipo. Mstari kama huo ungeweza kuwa wa kwenye kalenda ya kanisa kabisa. Kinachouokoa ni namna unavyopigwa, taratibu, gitaa linavuma kwa mbali, sauti inaomba bila kutangaza, yaani mtu yupo kwenye kivuli bado ndo anasema hayo.

Kidogo nichepuke. Ni CD za albamu hiyo hiyo ambazo Sony BMG waliziwekea ile programu ya kuzuia kunakili iliyokuwa inajificha kwenye kompyuta za watu, kashfa kubwa sana kipindi kile. Tim Foreman mwenyewe alienda mtandaoni akawaandikia mashabiki hatua kwa hatua namna ya kuikwepa. Mpiga besi wa kampuni anawafundisha wateja kuikwepa kufuli ya kampuni! Sitashangaa kama ndoa ya bendi na Columbia ilianza kufa siku hiyo, ingawa waliachana rasmi 2007 baada ya Oh! Gravity, albamu ambayo ina raha zake ila unasikia kabisa watu wanaoburudika huku jicho liko mlangoni.

Walipotoka wakajenga studio yao na wakafungua lebo yao, lowercase people. Wakarekodi nyimbo zaidi ya 80, wakachagua 12. Mwenye kuwasaidia kuchagua na kuzinyoosha alikuwa Mike Elizondo, mtu aliyekulia kwenye mziki wa Dr. Dre, yule prodyuza wa hip hop, na hilo linasikika kwenye besi na dramu za Hello Hurricane ya 2009, ziko karibu na sikio, zina kiuno. Albamu hii ndo iliyowapa Grammy mwaka 2011 kwenye kipengele cha roki au rapu ya injili, na kwangu ndo kilele chao, najua wengi watasema ni The Beautiful Letdown na wana haki, ila wengi wanaipenda ile kwa sababu ya umri waliokuwa nao ilipotoka.

Sikiliza The Sound. Jina lake kamili linamtaja John M. Perkins, mhubiri mweusi wa Mississippi ambaye kaka yake aliuawa kwa risasi ya askari mwaka 1946, na yeye mwenyewe mwaka 1970 akapigwa kwenye jela ya Brandon mpaka akakaribia kufa, alafu akatoka pale akatumia maisha yake kuhubiri upatanisho wa weusi na weupe. Bendi ya watu wa pwani ya California wakiamua kuimba habari ya mtu huyu ingekuwa rahisi mno kutoa wimbo wa kubembeleza, kinanda, vayolini, watoto wa kwaya nyuma. Wao wakatoa moja ya nyimbo zenye kelele kuliko zote walizowahi kufanya. Gitaa linakata, dramu hazikupi nafasi ya kupumua, na juu ya fujo hiyo ndo Jon anapiga kelele kwamba hakuna sauti kubwa kuliko upendo. Hapo sasa neno upendo limelazimika kupigana ili lisikike, na kwa maisha ya Perkins hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Alafu kuna Yet, na huu unanisumbua kwa sababu unaivuruga hoja yangu kidogo. Ni wa polepole, hauna kelele yoyote, na ni mmoja ya nyimbo zao za kweli kuliko zote. Unazungumzia mtu aliyemaliza nguvu, anaambiwa kisichokuvunja moyo siyo upendo, na neno la kushikilia ni "bado", hujanipoteza bado. Kwa hiyo siyo suala la sauti kubwa tu. Ugomvi unaweza kukaa kwenye gitaa na unaweza kukaa kwenye maneno, ilimradi uwepo mahali. Wimbo ukikosa vyote viwili ndo tatizo linaanza.

Vice Verses ya 2011 sitakaa nayo sana, ni nzuri, imeegemea besi na dramu, Thrive inaongea na watu wanaoishi kwa kusukuma siku tu, na Dark Horses ni kwa ajili ya vijana wasio na makazi wa San Diego, vijana ambao bendi iliwachangia hela kupitia Bro-Am, tamasha lao la kuteleza mawimbini na mziki pale Encinitas, lililoanza 2005. Watu wanaoimba kuhusu tumaini wakiwa na mahali pa kulipeleka, hilo nalo linasaidia usikie wimbo vizuri.

Tatizo lilikuja 2014 na Fading West. Walizunguka dunia na kamera wakitengeneza filamu ya safari na mawimbi, Afrika Kusini, Bali, Australia, New Zealand, alafu albamu ikatoka na prodyuza Neal Avron ikiwa imepigwa pasi kila kona. Magitaa yamerudi nyuma, mbele kuna sintesaiza na makofi na zile sauti za umati za oh-oh-oh ambazo miaka ile kila bendi ya Marekani ilikuwa nazo. Love Alone Is Worth the Fight ina maneno ambayo yangeweza kabisa kukaa Hello Hurricane, upendo tu ndo unaostahili vita, ila vita yenyewe huisikii popote, umebaki na soda iliyotoka gesi. Mtu atanijibu kwamba albamu hiyo ni ya furaha na Wakristo nao wana haki ya kufurahi. Wana haki. Ila furaha ya Switchfoot huwa inanifikia nikijua wametoka wapi, na mle ndani hawakuwa wametoka popote, walikuwa ufukweni muda wote. Ukiwasikiliza laivu wakizipiga nyimbo zile zile stejini, gitaa likirudishwa mbele, nyingine zinafufuka kabisa, na hilo linaniambia uandishi haukuwa na shida, shida ilikuwa pale studio.

Where the Light Shines Through ya 2016 wanarudi kwa John Fields, prodyuza wa The Beautiful Letdown, na inakwenda huku na huku. Float ni fanki ya kucheza harusini, Looking for America wamemleta rapa Lecrae kuuliza Marekani iko wapi, na ulikuwa mwaka wa uchaguzi, muda mzuri wa kuuliza. Jina la albamu linabeba wazo kwamba jeraha ndo mahali mwanga unapopitia, wazo zuri sana, nyimbo zenyewe mara zinalifikia mara hazilifikii. Wakapumzika. Mwaka 2018 Jerome akagundulika na saratani ya figo, akafanyiwa upasuaji, akarudi. Native Tongue ya 2019 ilitoka baada ya hayo na nilitaka kuipenda kuliko nilivyoipenda, Brent Kutzle wa bendi ya pop ya OneRepublic yumo kwenye utayarishaji na unaisikia OneRepublic kweli, nyimbo pana, safi, zinazofaa uwanjani. Wimbo wenyewe wa Native Tongue una fujo nzuri ya midundo, kwamba lugha yetu ya asili ni upendo na chuki tumejifunza baadaye. Zingine nyingi zinakubaliana na wewe haraka sana.

Ndo maana Interrobang ya 2021 ilinishtua. Jina ni la ile alama ya kuuliza na kushangaa zikiwa zimebebana, na prodyuza ni Tony Berg, ambaye inaonekana aliwanyang'anya kila walichokizoea. Hakuna ukuta wa gitaa wala makofi ya uwanjani, kuna sauti zilizopangwa kwa mtindo wa bendi za miaka ya 60, dramu kavu, gitaa dogo linalojikunja kunja pembeni. Kama hoja yangu ingekuwa ni kelele tu basi albamu hii ingekufa. Badala yake ni ya kwanza tangu Vice Verses ambayo nimeirudia bila kujilazimisha, na wimbo unaoibeba ni I Need You (To Be Wrong). Ilikuwa ni katikati ya janga la korona, baada ya uchaguzi wa Marekani, familia na makanisa ya kule yamegawanyika watu hawasalimiani, na Jon anaandika wimbo wa mtu anayekiri kwamba ili yeye ajione yuko sahihi anahitaji mwenzake awe amekosea. Kwa bendi ya Kikristo kuimba hivyo, huku mashabiki wao wamegawanyika pande zote mbili za huo ugomvi, inataka moyo. Tumaini kwenye albamu hiyo ni dogo, halina korasi kubwa, na mi naliamini kuliko lote la Fading West likiwekwa pamoja.

Mwaka 2022 Drew Shirley, aliyekuwa gitaa la pili tangu enzi za Nothing Is Sound, akaondoka, wakarudi kuwa wanne. Na 2023 wakatimiza miaka 20 ya The Beautiful Letdown kwa kuirekodi yote upya, wakaiita Our Version. Kimziki wamekuwa waaminifu mno, karibu kila kitu kipo pale pale kilipokuwa, na nusu yake nilijiuliza faida ni nini zaidi ya wao kumiliki rekodi yao wenyewe, ambayo ni faida halali kabisa, lebo zimekula vya kutosha. Gitaa la Meant to Live limesafishwa kuliko ninavyopenda. Lakini ikifika This Is Your Life kuna tofauti ambayo hakuna prodyuza anayeweza kuiweka. Jon alikuwa na miaka 26 alipoimba lile swali mara ya kwanza, na kijana wa 26 akikuuliza kama wewe ndo yule uliyetaka kuwa anakuchokoza tu, ana muda wa kubadilisha jibu mara tatu. Kwenye toleo hili ana 46, sauti imeshuka na kukauka kidogo, na safari hii anajiuliza mwenyewe kabla hajamuuliza mtu mwingine.